Kidole Hakina Pasiwadi Mpya

Hebu tupige hesabu. Ulichukua kitambulisho, ukaomba mkopo wa HELB, ukatafuta PIN ya KRA, juzi ukajisajili SHA. Serikali sasa ina jina la mamako, namba yako ya simu na alama za vidole vyako. Je, unajua ni nani huko ofisini anafungua hiyo faili?

Usiniambie ati huna cha kuficha. Juni 2021, Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Mtu alitumia namba zao za kitambulisho bila kuwauliza. Wengi walicheka mitandaoni, lakini si mzaha. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Chama usichokijua kinaweza kukufungia mlango wa hata udiwani.

Sheria tunayo. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 haibani kampuni pekee, inabana hata ofisi za serikali. Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliharamisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari kwa data za watu. Naam, serikali yenyewe ilishindwa kortini.

Kwa hivyo una nguvu, ila lazima uzitumie. Una haki ya kuuliza ofisi ina habari gani zako, ikuonyeshe, na irekebishe au ifute zisizo za kweli. Wakikuzungusha, peleka malalamishi kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyamaliza. Data ikivuja na kuna hatari ya kukudhuru, ofisi husika ina saa 72 kumjulisha.

Nawe pia chunga upande wako. Ukienda saiba kujaza fomu za serikali, toka kwenye akaunti yako, futa picha ya kitambulisho uliyoiacha kwenye kompyuta, na usimwachie mhudumu pasiwadi ati atakumalizia kesho.

Pasiwadi ikiibwa, utaweka nyingine. Alama ya kidole ikiibwa, utaenda kuomba kidole kipya wapi? Leo jioni ingia eCitizen, uangalie kama umesajiliwa kwenye chama chochote.