Jua ni letu, mbona maelezo si yetu?

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Miongoni mwa wageni waliobisha hodi nchini katika miaka ya karibuni ni paneli ya sola ya kukunja, ile ifungwayo kama kitabu, ikatiwa mkobani, kisha ikafunguliwa popote penye jua ili ichaji simu, taa, redio au kinasa sauti. Si mgeni mbaya. Waupandao Mlima Kenya huifunga mgongoni mwa mikoba yao. Watafiti na wafugaji wanaolala mbali na nguzo za umeme huianika mbele ya hema. Haina kelele, hainywi mafuta, na ukishailipia dukani haikudai tena. Je, mwenyeji amepona? Nathubutu kusema kwamba bado, na sababu kubwa si uchache wa jua wala ubovu wa chombo. Sababu ni lugha.

Msomaji asije akadhani kwamba mhadhiri wa isimu ameishiwa na mada za darasani hata akaanza kuvamia uwanja wa mafundi. Nitasimulia kisa kilichonifika mimi mwenyewe, ambacho hadi leo hunitia haya.

Mnamo Julai 2018 nilipiga hema nje ya kijiji kimoja upande wa Witu, katika kaunti ya Lamu. Nilikuwa nimekwenda kurekodi Kidahalo, lugha ya jamii ndogo ambayo tangu jadi iliishi kwa kuwinda na kurina asali, na ambayo wasemaji wake wamekuwa wakihamia Kiswahili kizazi baada ya kizazi. Kidahalo kina jambo adimu. Ni lugha ya Kikushi, lakini ina vidoko, yaani sauti kama ile tuitoayo kwa ncha ya ulimi tunapomsikitikia mtu. Lugha nyingi za vidoko ziko kusini mwa bara hili, na wanaisimu wangali wanajiuliza sauti hizo zilifikaje pwani ya Kenya. Maneno ya Kidahalo yenye vidoko ni machache, na wanaoyatamka sawasawa ni wazee. Kalamu haitoshi kuyahifadhi. Sharti sauti yenyewe inaswe.

Bibi mmoja aliyepindukia miaka 80 alikubali kunisimulia jinsi watu wake walivyokuwa wakitafuta asali alipokuwa msichana: miti waliyoipendelea, aina za nyuki, na maneno ambayo baba yake aliyasema chini ya mti kabla ya kuupanda. Kijiji hakikuwa na umeme. Tegemeo langu lilikuwa paneli niliyoinunua Nairobi, yenye majani matatu na kibandiko cha wati 60. Ndani ya kifurushi mlikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza na Kichina. Nami, kama ilivyo ada ya sisi tulioishi kwa kutii maandishi, niliisoma yote na kuifuata: ielekeze paneli kusini, iinue kwa pembe ya nyuzi 45. Nilifanya hivyo kwa siku mbili. Kile kihifadhi umeme cha mfukoni ambacho vijana hukiita pawabenki hakikujaa hata nusu. Nilidhani ni mawingu ya kusi.

Siku ya tatu bibi alikaa mkekani akaanza. Alisimulia kwa zaidi ya nusu saa, nami nikifurahi moyoni. Alipofika chini ya mti, kabla hajayatamka yale maneno ya baba yake, kinasa sauti kilizimika. Nilihangaika na waya huku na huku, lakini pawabenki nayo ilikuwa tupu. Bibi akanitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, nami nimechoka. Tutamaliza kesho, Mungu akipenda." Kesho yake alishikwa na homa, na keshokutwa yake nilikuwa na mitihani ya kusahihisha Nairobi.

Aliyenifumbua macho ni mjukuu wake, kijana wa sekondari aliyekuwa amenitazama siku zote hizo kwa adabu bila kunena. Nilipokuwa nikifungasha aliniuliza, "Mwalimu, mbona ulikuwa ukilipa jua kisogo? Miezi hii jua liko upande wa kibla." Kibla, kwa watu wa pwani yetu, ni kaskazini, maana Makka iko huko. Nikainua macho kutazama mbinguni. Kijana alisema kweli.

Karatasi ile iliandikiwa watu wa Ulaya, Marekani na Uchina, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, au karibu mwaka mzima. Mwenye kupiga kambi huko hana budi kuielekeza paneli yake kusini na kuiinua. Lakini Kenya imekatwa na Ikweta. Kwetu jua huvuka utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na karibu na Septemba. Baina ya nyakati hizo huelekea kaskazini kwanza, kisha kusini. Adhuhuri ya Julai huko Witu jua huinama kama nyuzi 24 upande wa kaskazini. Paneli yangu, iliyoinamishwa nyuzi 45 upande wa pili, ilipokea zaidi kidogo tu ya thuluthi ya mwanga ambao ingepokea lau ingelitazamana na jua uso kwa uso. Laiti ningeilaza chali mchangani bila kufuata maelezo yoyote, ningepata zaidi ya maradufu.

La kushangaza ni kwamba Kiswahili kilikuwa na maelezo sahihi zamani, kabla ya paneli kuzaliwa. Mabaharia wetu waliugawa mwaka kwa pepo mbili. Kusi huvuma kutoka kusini tangu kama Aprili hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini tangu kama Novemba hadi Machi. Sasa mwenye paneli na akumbuke jambo moja tu: jua hukaa upande ulio kinyume na upepo. Wakati wa kusi, jua la mchana liko kaskazini; wakati wa kaskazi, liko kusini. Mtoto wa Lamu aweza kuishika kanuni hii kwa dakika moja na asiisahau maisha yake yote. Na ambaye hataki kukumbuka chochote, na ailaze paneli chali adhuhuri. Hapa Kenya hatapoteza zaidi ya kama sehemu moja kati ya nane. Asubuhi na aiinamishe mashariki, jioni magharibi. Basi.

Kosa la pili lilikuwa katika kibandiko chenyewe. Wati 60 ni kipimo cha maabara: paneli huwekwa chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Katika mwanga huo seli nzuri za silikoni hugeuza kama asilimia 20 hadi 24 kuwa umeme. Chukua karatasi ya kawaida ya kuandikia, ile ya A4. Karatasi 16 za aina hiyo hujaza mita mraba moja. Kwa hiyo eneo la seli lililo sawa na karatasi moja haliwezi kutoa zaidi ya wati 12 hadi 15, hata jua liwe kali namna gani. Niliporejea nyumbani niliipima paneli yangu. Seli zake zilitosha karatasi tatu tu, yaani wati 36 hadi 45 kwa ukarimu wote. Hizo 60 zilikuwa za wino. Mnunuzi aendaye dukani na karatasi moja mfukoni hatadanganyika kama nilivyodanganyika mimi mwenye shahada ya uzamifu.

Yapo na mengine ambayo hakuna aliyetuambia kwa lugha tunayoielewa. Seli za paneli aghalabu huunganishwa kwa mfuatano, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Mmoja akilala, ndoo zote hukwama. Kivuli cha tawi la mwembe kikiangukia jani moja tu, umeme huweza kupungua kupita kiasi cha kivuli chenyewe. Joto nalo ni adui: kila nyuzi 10 zipandazo juu ya zile 25 za maabara hupunguza kama asilimia 4 ya nguvu, na seli nyeusi zilizoanikwa mchangani mchana zaweza kufikia nyuzi 60. Iinue kidogo upepo upite chini yake. Simu na pawabenki visianikwe pamoja na paneli, bali viwekwe kivulini mwake, kwa sababu joto huua betri.

Wingu nalo lina hila yake. Likipita, simu iliyochomekwa moja kwa moja kwenye paneli huacha kuchaji, na nyingine haziendelei tena mpaka waya uchomolewe na kuchomekwa upya. Ndiyo maana yafaa mchana uijaze pawabenki, kisha usiku uchaji simu kutoka humo. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 huhifadhi kama wati-saa 37. Paneli ndogo itoayo wati 12 za kweli itahitaji saa nne au zaidi za jua zuri kuijaza. Hesabu hii ndiyo iliyopaswa kuwa juu ya kifurushi. Badala yake palikuwa na picha ya Mzungu akitabasamu kando ya ziwa.

Najua nitakaloambiwa. Wapo watakaosema kwamba Kiingereza nacho ni lugha rasmi, na kwamba Mkenya aliyesoma anakielewa. Naam, mimi nilikielewa, na bado niliangamia. Aliyeandika hakunifikiria, wala hakulifikiria anga langu. Anayemwandikia mtu kwa lugha yake hulazimika, japo kidogo, kumwazia alipo. Angeandika "kusi na kaskazi" angejikuta ameuliza upepo wavuma wapi. Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Msomaji ni shahidi kwamba nimezungumza juu ya seli, wati, pembe na mfuatano bila kuazima sentensi moja ya Kiingereza.

Hili si ombi la hisani. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyoilipia. Tukiviweka vifungu hivi viwili bega kwa bega, maana yake ni wazi: muuzaji anayempa mchungaji wa Marsabit au mvuvi wa Kiwayu karatasi ya Kichina na Kiingereza iliyoandikiwa jua la nchi nyingine hajatimiza deni lake. Mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni za mitambo ya umeme wa jua, zilizotaka mafundi na wauzaji wawe na leseni. Hiyo ilikuwa hatua njema. Hatua iliyobaki ni ndogo na rahisi: kila paneli iuzwayo nchini iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili ueleze eneo la seli, wati za kweli, namna ya kuielekeza hapa kwetu, na hatari ya kivuli na joto. Ukurasa mmoja tu.

Nasi walimu wa lugha tusijitoe lawamani. Kwa miaka mingi tumekaa makongamanoni tukibishana kama kitu hiki kiitwe paneli au bamba, umemejua au nishati ya jua, ilhali anayekitumia ameachwa gizani kwa maana halisi ya neno hilo. Asiyejua maana haambiwi maana, husema watu. Lakini ikiwa hatambiwi, ataijua lini? Ukurasa huo mmoja waweza kuandikwa na mhadhiri mmoja na fundi mmoja kwa alasiri moja. Mimi niko tayari, na nimekwisha kuanza.

Nilirudi Witu mwaka uliofuata, nikiwa na betri za akiba na paneli niliyoipima kwa karatasi. Mjukuu alinipokea, akanipeleka makaburini. Bibi alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilimwuliza kijana kama ayajua yale maneno ya chini ya mti. Akasema aliwahi kuyasikia mara nyingi, lakini hakuyashika, kwa kuwa hakudhani kwamba kuna siku ambayo bibi hatakuwapo kuyasema.

Ninayo nusu saa ya sauti yake, nayo yakoma hapo chini ya mti.