Makaa ya Mui: Kuchimba au Kuhifadhi?

Hapa Kinoo tunaishi kando ya barabara kuu iendayo Nakuru. Anayeifuata barabara hiyo hadi Lari, kisha akakata kuelekea msitu wa Kereita, hufika mahali ambapo ardhi yenyewe ina akiba ya hewa ya ukaa, ile ambayo vitabu vya kemia huiita kabonidioksidi. Kampuni ya Carbacid imekuwa ikiitoa hewa hiyo visimani kwa miongo mingi, ikiisafisha na kuiuza. Povu la soda anayokunywa mwanafunzi wakati wa mapumziko huenda limetoka huko.

Sisi twaitoa ardhini, ilhali wenzetu ng'ambo hutumia fedha nyingi kuirudisha. Mojawapo ya mbinu zao yatuhusu, maadamu nchi hii ina makaa ya mawe katika bonde la Mui, kaunti ya Kitui. Ndani ya makaa mna vitundu vidogo mno, na kwenye kuta zake gesi ya methani imejishikiza. Makaa, hata hivyo, huishika hewa ya ukaa kwa nguvu zaidi. Hewa hiyo ikisukumwa kupitia kisima hadi kwenye tabaka la makaa, hutwaa nafasi hizo, nayo methani hubanduka na kupanda kwa kisima kingine, mfano wa mpangaji aliyeondolewa na mwenye kulipa kodi kubwa.

Walimu wa kemia watavutiwa na hesabu yake. Makaa mengi hushika takribani molekuli mbili za hewa ya ukaa kwa kila moja ya methani. Methani hiyo ikichomwa huzaa molekuli moja tu ya hewa ya ukaa. Mbili zimezikwa, moja imetoka. Ubaoni hesabu hii haina dosari.

Ardhini mambo ni mengine. Jaribio kubwa la kwanza lilianza mwaka 1995 mahali paitwapo Allison, katika bonde la San Juan, jimbo la New Mexico nchini Marekani. Methani iliongezeka kweli. Lakini makaa yakinywa hewa ya ukaa huvimba, na yakivimba hubana nyufa zinazopitisha gesi. Visima vya Allison vikawa vizito kupokea. Isitoshe, hewa iliyotumika huko ilitoka katika akiba ya asili ya ardhini, kama ya Kereita yetu. Kuitoa shimo hili na kuitia shimo lile hakupunguzi hata chembe ya kilichokwisha kurundikana angani. Anayetaka sifa ya kusafisha anga sharti aitege kwenye dohani za viwanda, na hapo ndipo gharama hupaa. Nayo methani ikivuja njiani, uwezo wake wa kuongeza joto ni takribani mara 28 ya ule wa hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100.

Lakini la kunikera si gharama. Katika kitalu C cha Mui ilitangazwa kuwa kuna takribani tani milioni 400 za makaa, na mwaka 2013 serikali ikatia saini mkataba na kampuni ya Fenxi kutoka Uchina ili yachimbwe. Wenyeji walikuwa wamekwenda mahakamani mwaka 2012 wakidai kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu ilitolewa mwaka 2015. Watu hao wameulizwa kuhusu kuchimba, kuhama na kufidiwa. Sasa nasikia wasomi wakiyapamba makaa hayo hayo kwa neno "safi", eti yataweza pia kuhifadhi hewa ya ukaa.

Haiwezekani kufanya yote mawili katika tabaka moja. Makaa yaliyotiwa hewa ya ukaa hayana budi kuachwa chini milele, kwani siku yatakapochimbuliwa, hewa yote itatoroka. Ndiyo sababu mbinu hii hukusudiwa matabaka yaliyo chini mno, yasiyofikiwa na mchimbaji kwa faida. Basi anayeizungumzia Mui na atuambie kwanza ni tabaka lipi, lina kina gani, na lina methani kiasi gani. Na amwambie hivyo mkulima wa Mui kabla ya mwekezaji, kwa sababu makaa ya kuchimbwa humhamisha mkulima shambani, lakini ya kuhifadhi humtaka akae juu yake, pamoja na watoto wake na wajukuu, bila mtu yeyote kuyagusa.