Dawa Laini ya Nywele, na Ndoo za Maji

Yamkini jambo hili limekwisha fika nyumbani kwako. Binti amemaliza shule. Nywele, ambazo miaka yote alitakiwa kuzikata fupi, sasa zimeota, nazo ni nyingi, nzito, zimejisokota. Asubuhi anakaa uani na chanuo, machozi yamtoka. Kisha anakujia: "Mama, nataka kwenda saluni Kiboriloni. Sitaki zinyooke kabisa, nataka zilegee tu nipate kuzichana. Wanayo dawa laini."

Utamjibu nini, mama? Wako wanaokataa kabla hajamaliza kusema, na wako wanaotoa fedha wasiulize neno. Mimi naona wote wawili wana haraka. Kwanza yafaa kujua dawa hiyo ni kitu gani, maana neno hili "laini" limewadanganya wengi.

Nywele zetu hujisokota kwa sababu ya umbo la vishimo zinamoota, na ndani ya kila unywele mna vifungo vidogo vya salfa vinavyoushika usokoto huo. Chanuo la moto huzinyoosha kwa siku chache tu; zikipata maji, zarudi. Dawa haifanyi hivyo. Dawa huvivunja vile vifungo vyenyewe, na unywele uliokwisha kuvunjwa vifungo haurudi tena hata ukioshwa mara mia. Kinachoota baadaye huota kama zamani, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi.

Na kitu chenye nguvu ya namna hiyo hakiwezi kuwa mchezo. Dawa nyingine zina kostiki soda, ile ile ya watengenezaji wa sabuni. Nyingine huja katika vyombo viwili, krimu yenye chokaa na maji ya kuchanganya nayo. Hizi za pili husifiwa kwamba hazina kostiki soda, basi watu hudhani hazina ukali. Hasha! Katika kipimo cha pH maji safi ni 7, lakini dawa hizi za namna zote mbili huanzia karibu na 12, na nyingine hukaribia 14. Makopo huwa na madaraja matatu, laini, ya kawaida na kali. Laini maana yake ni kwamba ukali umepunguzwa kuliko wa wenzake, basi. Makaa yaliyofifia nayo huunguza mkono.

Akina baba wengine hukataa kwa sababu nyingine, kwamba ni kuiga Wazungu. Wazee watakumbuka mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na krimu za kung'arisha ngozi. Lakini mmoja wa watu wa kwanza kuuza dawa ya kunyoosha nywele alikuwa Mwamerika mweusi, Garrett Morgan wa mji wa Cleveland, fundi wa cherehani, ambaye wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Husimuliwa kwamba alikuwa akitafuta maji ya kulainishia sindano za cherehani zisiunguze kitambaa, akaona nyuzi za sufu zimenyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kwa kichwa chake mwenyewe. (Mbwa hakuulizwa.) Mwaka 1913 alikuwa amekwisha kuanzisha kampuni ya kuuza dawa hiyo. Kwa hiyo, baba, ukitaka kukataa, tafuta sababu nyingine. Nazo zipo.

Nilipata kumwona binti mmoja, sitaji saluni wala kijiji chake, aliyekwenda kulegeza nywele siku mbili kabla ya arusi ya dada yake. Nywele zake zilikuwa nzito kweli. Msusi alikuwa peke yake, akaanza kupaka kisogoni, akaenda mbele polepole, tena akisimama kuwajibu wateja mlangoni. Alipomaliza utosi, kisogo kilikuwa kimekaa na dawa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Binti akasema, "Dada, yaniwasha." Akajibiwa, "Vumilia, ni laini hii." Walipofungua bomba, maji hayakuwako. Alikimbia mtoto na ndoo kwa jirani. Siku ya arusi binti alifunga kitambaa, na nyuma ya kichwa palikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja cha mtoto. Nywele za hapo ziliota tena baada ya miezi, lakini si zote.

Sasa tazama kosa lilikuwa wapi. Dawa ilikuwa laini kweli, hakudanganywa. Kilichomwumiza ni muda. Mwenye kutaka nywele zilegee tu hahitaji dawa ya pekee. Hupakwa ile ile laini, ikaoshwa mapema kabla nywele hazijanyooka. Lakini nywele nyingi huchukua muda mwingi kupakwa, na hapo ndipo hesabu huharibika. Kichwa kigawanywe mafungu manne kabla ya kufungua kopo, na wapake watu wawili. Kisogoni chini na kandokando ya uso nywele ni nyepesi, basi hapo papakwe mwisho. Ngozi na masikio vipakwe kwanza mafuta ya mgando. Ikiwasha, ioshwe saa hiyo hiyo, hata kama nusu ya kichwa bado haijalegea. Kuvumilia hakuna faida yoyote hapa.

Tena binti asioshe nywele wala asikune kichwa siku mbili tatu kabla ya kwenda, maana kila mkwaruzo wa kucha ni mlango wa dawa. Mwenye mapunye au kidonda asubiri apone. Baada ya kuosha kwa maji mengi, hutumiwa shampuu ya kuizima dawa. Nyingine hutoa povu la rangi ya waridi ikiwa dawa ingalimo, basi mrudie mpaka povu liwe jeupe.

Na miezi inayofuata? Mizizi itaota migumu, naye atataka kurudi. Hapo hupakwa yale machanga tu. Yaliyokwisha kulegezwa yakipakwa mara ya pili, hukatika. Angoje wiki 8 walau, na afadhali zaidi 12. Fanya hesabu mwenyewe: kila wiki 8 ni mara 6 kwa mwaka. Nasema hivi kwa sababu mwezi wa Oktoba 2022 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wanawake 33,497 waliofuatwa kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kuwa 1.64 katika kila mia wangepata saratani ya mji wa mimba kabla ya kufikia miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, ni 4.05. Uchunguzi ule haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, wala haukupambanua dawa moja moja. Lakini mimi, kwa binti yangu, nisingependa azoee kurudi kila mara. Na mtoto mdogo, hata akilia, asipakwe kabisa.

Kumbukeni pia ule uzi mweusi wa kusukia. Nywele zikizungushiwa uzi tangu mizizi, zikalazwa hivyo siku chache, hufunguliwa zimerefuka na chanuo hupita. Hazidumu hivyo, ndiyo, lakini hakuna aliyepata kidonda cha dawa kwa uzi. Binti ajaribu huo kwanza. Wengi huona watosha.

Akiunguzwa, ni maji baridi mengi, si mafuta. Ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha hospitali bila kungoja. Kidonda cha kichwani kisichopona kipelekwe KCMC hapo Moshi, ambako tangu 1992 pana chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi.

Ukikubali, mama, shuka naye Kiboriloni wewe mwenyewe. Mwambie msusi afungue bomba ulione, au ajaze ndoo tatu. Kisha apake shungi moja dogo nyuma ya sikio, alioshe, alikaushe, nanyi mlitazame kwa mwanga wa mlangoni kabla hajagusa mengine.