Matunguu ya Maua: Tuyapande Kabla ya Masika

Maparokiani mwetu Pasaka ikikaribia, fedha za mapambo hutafutwa kwa haraka, na mara nyingi tunaishia kwenye maua ya plastiki. Mwaka huu tunapendekeza njia nyingine: maua yatoke bustanini kwetu.

Tunguu ni shina fupi la chini ya ardhi lililofunikwa kwa tabaka za majani manene, kama kitunguu maji. Ndani yake mmea huhifadhi chakula, hulala wakati mgumu, kisha huamka wakati mwema. Ulaya wakati mgumu ni baridi, na mwema ni majira ya kuchipua. Ndiyo maana tulipu hazitufai: zisipopata wiki nyingi za baridi kali, hazitoi maua ya maana. Hapa Visiga usingizi wa tunguu ni kiangazi, na majira yetu ya kuchipua ni mvua.

Yanayotufaa ni matatu. La kwanza ni amarilisi, asili yake Amerika ya Kusini, yenye maua makubwa kama tarumbeta. La pili ni yungiyungi dogo la mvua, linalochanua siku chache baada ya mvua kubwa. La tatu ni la kwetu Afrika, Scadoxus multiflorus: ua jekundu la duara kama mpira, lililoundwa na vijiua vingi, linalochomoza porini mvua zikianza. Hili tusiling'oe msituni. Tuombe tunguu kwa jirani anayelipanda, au tuoteshe mbegu zake.

Tupande Januari au Februari, kabla ya masika. Udongo wetu wa kichanga hupitisha maji vizuri ila una rutuba kidogo, hivyo tuchanganye samadi iliyooza. Penye mfinyanzi tuinue tuta, kwa sababu tunguu likikaa majini huoza. Ncha ielekee juu. Amarilisi iachwe shingo nje ya udongo, na nafasi kati ya tunguu na tunguu iwe sentimita 20 hivi.

Maua yakinyauka, tukate kikonyo tu. Majani tuyaache hadi yakauke yenyewe, kwani ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya mwakani. Wengi hufyeka majani wakitaka bustani iwe safi, kisha hushangaa mwaka unaofuata hakuna ua. Kiangazi kikianza tupunguze maji. Tunguu lililolala halijafa, lisitupwe.

Jambo la hatari: matunguu haya yana sumu, nayo hufanana na vitunguu vya jikoni. Yasihifadhiwe karibu na chakula, watoto wasiyachezee, na mbuzi wasiyafikie. Tunawe mikono baada ya kupanda.

Je, yatachanua kwa wakati? Mvua haifuati kalenda ya liturujia. Kwa hiyo amarilisi kadhaa ziwekwe kwenye vyungu, mahali pakavu, na zianze kumwagiliwa wiki sita hadi nane kabla ya sikukuu. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi. Basi tuanze kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari.

Yakiwahi, yabaki bustanini. Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 305, yanakataza kupamba altare kwa maua wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Ua la kwanza laweza basi kuwa la Mtakatifu Yosefu, 19 Machi. Mengine yangoje pamoja nasi.

Na kungoja huko kuna katekesi yake. Mtoto aliyelifukia tunguu kavu kwa mkono wake Januari, akaliona limechanua mbele ya altare usiku wa Mkesha wa Pasaka, hatahitaji maelezo marefu juu ya chembe ya ngano inayoanguka ardhini. Tuanze na matunguu matano tu kwa kila familia au jumuiya ndogondogo. Kila tunguu likishatoa vitoto, tuvigawe kwa jirani.