Gita la Bei Nafuu na Gita la Fahari: Lipi Lifaalo Pemba?

Tuchukulie kikundi cha muziki cha Wete ambacho, baada ya mavuno ya karafuu, kimechanga fedha za kununulia gita la umeme, nacho kimependezwa na lile lenye tumbo nusu wazi. Dukani yapo mawili yafananayo mno kwa sura, ila bei ya moja ni mara tano ya jingine. Fedha zote zikiishia kwenye gita, spika itanunuliwa kwa nini?

Yafaa kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Gita lenye tumbo wazi lote, mithili ya udi, likiwekwa mbele ya spika yenye nguvu hupokea sauti yake lenyewe, likatetemeka upya, na mara ukumbi ukajaa mvumo usiozuilika. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gita la ES-335, ambalo katikati ya tumbo lake mmepitishwa gogo la mbao ngumu, na mbavuni mkaachwa wazi. Gogo hilo hutuliza mtetemo, na mvumo ukapungua.

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba tumbo la gita hilo la fahari ni la mbao za tabaka zilizogundishwa, jamaa ya plaiwudi. Muuzaji akikwambia la rahisi halifai kwa kuwa ni plaiwudi, usimsadiki. Tena katika unyevu wa Pemba tabaka ni neema, kwani nyuzinyuzi zake zilizopishana huzuiana kutanuka. Hata rangi nene ya plastiki, ambayo wajuzi wa Ulaya huidharau, aghalabu huzuia unyevu kuliko vanishi nyembamba ya selulosi ipakwayo magita ya ghali.

Vinasa mtetemo navyo ni hivyo hivyo. Umeme wa Pemba, ambao tangu 2010 huletwa kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na uvumi wake huingia katika koili ya sumaku. Katikati ya miaka ya 1950 Seth Lover, fundi wa Gibson, aliunganisha koili mbili kinyume ili uvumi wa moja uufute wa nyingine. Siku hizi magita mengi ya bei nafuu yanazo koili hizo.

Basi tofauti iko wapi? Hasa mkononi mwa fundi: mifereji ya nyuzi isiyochongwa vyema, vifito vyenye ncha kali, masikio yanayolegea. Kasoro hizi hurekebishika. Isiyorekebishika ni shingo iliyosokotwa. Itazame kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea tumboni; chuma kilichomo ndani yake huondoa upinde, hakiondoi msokoto. Kisha piga uzi wa tano ukiwa wazi, mitetemo 110 kwa sekunde, halafu ubane kwenye kifito cha 12. Ikiwa sauti si 220 barabara, na kusogeza kidaraja hakusaidii, liache.

Likifaulu, mimi ningelichukua hilo la rahisi, fundi akalipwa na spika ikanunuliwa. Nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana jasho na chumvi ya pwani havichagui bei.