Gharapuri: Kisiwa Ambacho Jiwe Lake Lilichukuliwa

Wasomaji wetu waliowahi kusindikiza mgonjwa Mumbai wanaijua adha ya kungoja majibu ya vipimo. Aliye na siku moja ya nafasi, isiwe Jumatatu, kwani siku hiyo mapango hufungwa, anaweza kupanda boti karibu na lango kubwa la Gateway of India, na baada ya takriban saa moja akashuka kisiwani Gharapuri. Wareno walikiita Elephanta, kwa ajili ya tembo wa jiwe waliyemkuta huko. Ngazi za kupandia mlimani ni nyingi, na kima wa pale hawaoni haya kumpokonya mgeni chakula mkononi.

Pango kuu halikujengwa, lilichongwa. Mafundi waliutoboa mwamba na kuutoa usiohitajika. Nguzo zinazoonekana kubeba dari ni sehemu ya mlima iliyoachwa ilipo. Kosa moja la patasi halikuwa na dawa. Ndani kabisa, katika kiza chepesi, imo sanamu ya Shiva, anayeabudiwa na Wahindu, yenye nyuso tatu na kimo kinachozidi mita 5. Sanamu nyingine nyingi zimekatika mikono na miguu.

Ni nani waliochonga? Wataalamu wengi huitaja karne ya 6 na watawala wa ukoo wa Kalachuri, wakitegemea zaidi sarafu zilizookotwa kisiwani. Jibu pengine lilikuwapo mlangoni. Mwandishi wa Kireno, Diogo do Couto, ameeleza kwamba wenzake walipolitwaa eneo lile katika karne ya 16, waling'oa juu ya lango jiwe lenye maandishi. Gavana alitafuta Mhindu au Mwislamu wa kuyasoma, asipate. Jiwe likapelekwa kwa mfalme Ureno, nako hakupatikana msomaji, na hatimaye likapotea. Leo wako wasomi wengi wa hati za kale za Kihindi ambao wangelisoma. Jiwe ndilo halipo.

Tembo naye hakusalimika. Mwaka 1864 Waingereza walijaribu kumhamishia kwao. Akaanguka alipokuwa akinyanyuliwa, akavunjika. Vipande vyake viliungwa baadaye. Atakaye kumwona mnyama aliyekipa kisiwa jina la kigeni hana budi kurejea mjini Mumbai, katika bustani ya wanyama ya Byculla.