GHARAMA ZA TAKA NGUMU KATIKA KAMBI ZA JESHI: FUNZO KUTOKA KISIWA CHA GUAM

Taka nyingi za kambi ya jeshi ni zile zile za mji wowote: mabaki ya chakula, makaratasi, mbao za makasha, makopo na vifusi. Lakini kambi hutoa pia mafuta machafu, rangi na kemikali, ambazo zikichanganywa na taka nyingine hulitia sumu jaa zima. Katika kisiwa, ambako ardhi ni haba, mzigo huo huwa mzito zaidi.

Mfano ulio wazi ni Guam, katika Bahari ya Pasifiki. Jeshi la Majini la Marekani lilianzisha jaa la Ordot katika miaka ya 1940, na taka za kijeshi zikatupwa humo kwa miongo kadhaa. Jaa hilo halikuwa na tabaka la kuzuia maji machafu, nayo yakatiririkia Mto Lonfit. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani iliishtaki Guam. Makubaliano ya mwaka 2004 yakaitaka ilifunge na kulifunika jaa. Lilifungwa mwaka 2011. Gharama zilikadiriwa kuzidi dola milioni 160. Guam nayo ilifungua madai mwaka 2017 ili Jeshi lichangie, na tarehe 24 Mei 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba makubaliano ya 2004 hayakuizuia kudai mchango huo.

Hivyo basi, njia ya kupunguza gharama huanza kabla ya taka kufika jaani. Kwanza, bohari huagiza kiasi kinachohitajika tu, ili rangi na dawa zisiharibike zikiwa zimehifadhiwa. Pili, taka hutenganishwa pale zinapotoka. Tatu, mabaki ya jikoni na majani hufanywa mboji, na vyuma na maboksi huuzwa. Nne, kila kikosi hupimiwa taka zake, kwani kisichopimwa hakiwezi kupunguzwa. Kwa msingi huo, agizo la Rais wa Marekani la mwaka 2009 liliziwekea taasisi za serikali kuu shabaha ya kuepusha na jaa asilimia 50 ya taka zisizo za hatari ifikapo 2015.

Watumishi na wananchi wazingatie kwamba taka iliyotupwa bila mpango haiishi. Hubaki kuwa deni, na mara nyingi hulipwa na wenyeji waliobaki nayo.